Maziwa Yapitayo kwa Bwana Kanuni

Jumapili, 2 Agosti, alfajiri

Wifi,

Umelala mdomo wazi na hilo sweta lako la kahawia, na mwanangu Bonge amelala juu ya sweta, kwa hiyo sikuwaamsha. Ningewaamsha nisingeondoka. Gari la ofisi liko nje linaunguruma, na hii naibandika kwenye mlango wa friji ili usiseme hukuambiwa.

Chupa zilizo kwenye friza ni za siku za mwanzo tu. Nimezibandika plasta zenye tarehe. Anza na za zamani. Usiyachemshe. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto, subiri, kisha dondoshea tone kwenye mkono wako uone. Usimlishe akiwa amelala chali. Akimaliza mweke begani mpaka acheue, hata kama amesinzia. Mwezi mzima nimejifunza kukamua na sasa nayajua matiti yangu: la kushoto karimu, la kulia bahili.

Kuanzia kesho nitakuwa nakamulia huko huko mitihani inakochapwa. Mwenye gari la mkate akishatuletea mkate asubuhi, ataondoka na sanduku la barafu lenye maziwa na kukushushia wewe. Mpe chupa tupu, zilizooshwa, pamoja na barua. Simu tunaziacha langoni, na hatutoki mpaka watoto wa nchi nzima wawe wamefanya mtihani wa mwisho. Msahihishaji wa chapa kama mimi akijua maswali, dunia yote inamwogopa. Ningekataa, nafasi ya kudumu angepewa mwingine, nami nimeingojea tangu kabla sijaolewa na kaka yako.

Kaka yako akirudi na lori lake, mwache ambebe, lakini asimrushe juu.

Na hilo sweta lifue, tafadhali. Linanuka mafuta ya kufuli.

Wifi yako


Jumanne, 4 Agosti

Kwako uliyejifungisha kwa hiari yako,

Bonge aliikataa chupa. Aliitazama kama mtu anayeuziwa saa ya bandia. Nikajaribu kijiko, akakitema na kunitemea mimi. Nikaimba, jirani akagonga ukuta. Mwisho nikamwingiza ndani ya sweta, kichwa chake kifuani kwangu, chupa ikapita katikati ya vifungo, na mwanaume akanywa yote huku ameshika kile kifungo kilicholegea. Kwa hiyo sweta halifuliwi. Limepata cheo.

Kibanda changu nakifungua nikiwa naye mgongoni. Wateja wanakuja na funguo zilizovunjika, wanaondoka na habari za mtoto. Mimi fundi wa kufuli, mtaa huu mzima hakuna mlango unaonishinda, ila huo wako nasikia haufunguki hata kwa nyundo.

Kula. Kunywa maji. Sisi wazima.

Wifi yako wa kufuli


Alhamisi, 6 Agosti

Wifi wa kufuli,

Nimecheka mpaka mchapaji wa mashine ya pili akauliza kama nimekuta kosa kwenye karatasi.

Hapa madirisha yamepakwa rangi nyeupe. Mwanga unaingia, lakini hujui kama nje kuna jua au mawingu. Nakamulia stoo ya karatasi, nimekalia mabunda, mgongo nimeegemeza mlango kwa sababu hauna komeo. Kila nikianza kuna mtu anasukuma akitaka karatasi, nami nasukumana naye kwa mgongo nikipiga kelele "Kuna mtu!" huku mikono yote miwili ina kazi. Pampu naisuuza kwa maji ya chupa ya chai.

Msimamizi wa usalama tunamwita Bwana Kanuni. Si mtu mbaya. Ana miwani, ana rula kwenye mfuko wa shati, na uso wa mtu ambaye hata utotoni hakuchapwa. Barua hii anaisoma kabla yako, kwa hiyo: shikamoo, Bwana. Amebandua plasta zangu zote. Anasema tarehe na saa ni namba, na namba zinaweza kuwa majibu ya hesabu. Basi chupa zinakuja bila plasta. Unazozipata leo ni za jana usiku na leo alfajiri.

Nimegundua nilibeba soksi moja ya Bonge mfukoni. Nikataka kuirudisha kwenye sanduku. Akasema hapana, kilichoingia hakitoki, isipokuwa chombo cha chakula. Nikamwambia ni soksi ya mtoto wa miezi minne. Akaigeuza nje ndani, akanirudishia kwa heshima zote. Nalala nayo.

Wifi yako wa kifungoni

IMEKAGULIWA


Jumatatu, 10 Agosti

Wifi,

Maziwa yamefika. Mtoto mzima, anacheka, anakusalimia kwa mate.

Hivi barafu unatia ya kutosha? Nauliza tu.

Kazi ni nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Wifi yako wa kufuli


Jumatano, 12 Agosti

Wifi,

Barafu natia chupa nne, zimeganda mpaka ukimpiga mtu nazo utashtakiwa. Napanga mwenyewe: maziwa katikati, barafu pembeni. Nafikisha sanduku kwenye kibanda cha lango, na mwisho wangu ni hapo. Pale wamechora mstari mwekundu, nami siuvuki. Kwa nini unauliza? Na barua yako imekuwa fupi kama risiti.

Niseme ukweli, nimechoka. Juzi titi la kulia, lile bahili, liliamua kuwa jiwe. Nikapata homa, meno yakagongana. Mpishi alinipa kitambaa cha moto, nikajikanda nikilia, nikasukumana na mlango nikilia, nikakamua nikilia. Yalitoka. Mashine za chapa zina mdundo wake, na sasa mwili wangu umeuzoea. Mashine ikiwashwa, blauzi inalowa. Wanaume hapa wameshajua, wanageuka ukutani bila kuambiwa. Nina aibu, lakini nimeacha kuihesabu kuwa aibu.

Usiku nikisoma karatasi naona herufi zinatambaa. Najiambia, ukurasa huu, halafu mwingine, halafu nikamkamulie mwanangu. Ndicho kitu pekee changu kinachotoka nje ya ukuta huu. Mimi sitoki, soksi haitoki, lakini maziwa yanatoka na yanamfikia. Nisingejua kwamba yanamfikia, ningeshaacha siku ya ile homa.

Niambie anakunywaje. Niambie kila kitu, hata usichoona maana yake.

Wifi yako wa kifungoni

IMEKAGULIWA


Jumatatu, 17 Agosti

Wifi yangu,

Samahani kwa ufupi. Haya, kila kitu.

Maziwa ya Jumamosi yalifika yote. Bonge alikunywa mpaka tone la mwisho, akaikamata chupa kwa mikono miwili asitake iondoke. Nikamweka begani kama ulivyoagiza, akacheua kama mzee aliyetoka karamuni, na kidogo kikanimwagikia shingoni. Kisha akalala akiwa na ndevu za maziwa.

Unaona? Hakuna cha kukutia wasiwasi. Wewe endelea tu, usiache.

Wifi yako wa kufuli


Jumanne, 18 Agosti

Wifi,

Jumamosi asubuhi niliitwa kwenye mashine kabla sijafungasha. Mpishi akanifungashia kwa wema wake. Jioni nafungua friji, nakuta chupa zangu zote za maziwa zimesimama palepale. Alikuwa ameweka za barafu peke yake. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, nikasema utanicheka.

Kwa hiyo sanduku la Jumamosi lilikuwa na maji. Maji, wifi. Mwanangu alikunywa nini mpaka tone la mwisho? Alicheua nini shingoni kwako? Hizo ndevu zilikuwa za nini?

Njia ya mwongo ni fupi. Sasa nasoma barua zako zote upya kama ninavyosoma karatasi za hapa, natafuta kosa, na naliona kila mstari. Unampa nini? Yuko wapi? Au mmezoeana sana mpaka mama yake amekuwa wa kudanganywa na ndevu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe huwezi kuujua.

Nimesimama kwenye mstari mwekundu tangu asubuhi. Nikivuka nafukuzwa na pengine nashtakiwa. Nijibu kesho. Usiponijibu navuka.

Mama yake

IMEKAGULIWA


Jumatano, 19 Agosti

Wifi,

Usivuke. Yuko hai, yuko hapa, ameshika kifungo. Soma hii ukiwa umekaa.

Tangu wiki ya kwanza sanduku lilikuwa likinifikia barafu yote maji, chupa zina uvuguvugu. Nikagombana na mwenye gari la mkate, nikamwambia anayaweka karibu na mikate ya moto. Akaapa anapewa hivyo hivyo langoni. Nikanusa, nikasema labda ndiyo harufu yake, mimi nitajuaje harufu ya maziwa ya mtu? Nikampa. Hapo nakiri. Akaanza kuhara. Kesho yake akatapika. Nikampeleka zahanati, daktari akayanusa, akasema yameharibika, acha mara moja, akamwanzishia maziwa ya kopo.

Tangu hapo kila asubuhi nayapokea maziwa yako, nayamwaga kwenye sinki. Nayamwaga nikiwa nimefumba macho. Nilitaka kukuambia, daktari akasema mama akipata hofu maziwa yanaweza kukauka. Halafu ukaniandikia kuhusu homa, ukasema usingejua kwamba yanamfikia ungeshaacha. Basi nikakudanganya ili usiache. Nilisema mradi yanatoka, siku utakayotoka na yeye atayakuta. Nililiona ni wazo zuri. Ndiyo hivyo, nimezoea vitu vinavyofunguka.

Jumamosi alizidiwa. Tulishinda zahanati, wakamtundikia maji. Sanduku hata sikulifungua, jirani ndiye aliyemwaga, jioni akaniambia, "Maziwa ya wifi yako mepesi kama maji." Nikamgombeza kwa kukusengenya. Leo nimemwomba radhi.

Sasa hahari tena. Lakini amepungua. Ukimwita Bonge leo watu watadhani unamtania. Maziwa ya kopo anakunywa nusu, anageuza uso.

Umesema siwezi kuujua uchungu. Asiye na mwana aeleke jiwe, ndivyo wanavyosema, na mimi nimeusikia msemo huo maisha yangu yote. Nimemweleka wako. Pale zahanati nesi aliniita mama, nikaitika, sikumsahihisha. Hilo nalo nakuambia, lisije likakufikia kwa mdomo mwingine.

Nisamehe au usinisamehe, lakini usivuke.

Wifi yako

Na wewe Bwana unayesoma hapa kabla yake: najua unasoma, basi maliza. Mimi kazi yangu ni kufuli. Kila kufuli ina upande ambao fundi wake hakuufikiria. Kanuni yenu inasema mtu akiingia asitoke. Sawa. Je, inasemaje kuhusu mtu asiyejua kusoma? Mtoto akiingia akakaa na mama yake mpaka mwisho, ataiba swali gani? Nijibu kwa maandishi. Na uniambie pia barafu huwa inayeyukia wapi.


Ijumaa, 21 Agosti

Kwa Fundi wa Kufuli,

Nimesoma barua yako, kama kazi yangu inavyonilazimu. Nimempa mhusika. Alikaa chini kama ulivyomwagiza. Hakuvuka.

Kuhusu barafu. Barafu ni kitu ambacho mtu hawezi kuona ndani yake vizuri. Karatasi inaweza kugandishwa katikati. Kwa sababu hiyo, kila asubuhi nilizitoa chupa zote, nikazipanga juani kwenye ukuta wa kibanda, nikangoja mpaka barafu iyeyuke, nikahakikisha hakuna kitu, ndipo nikaruhusu sanduku liondoke. Maziwa niliyachunguza kwa rula, kila chupa mpaka chini. Rula huwa naifuta. Jumamosi nilipokuta barafu peke yake nilishuku zaidi, nikaonja. Yalikuwa maji. Sikumwambia mtu kwa sababu maji hayakatazwi.

Hakuna aliyeniagiza kuyeyusha barafu. Niliongeza mwenyewe, kwa uangalifu. Nina wajukuu wanne. Wakati wote nikiwa na rula mkononi sikuwahi kuwafikiria.

Kuhusu swali lako. Nimezisoma kanuni zote kuanzia mwanzo, na nyongeza zake. Zinakataza kutoka. Hakuna panapomkataza asiyejua kusoma kuingia. Mkuu wangu amesema hajawahi kuulizwa, na kwamba akiulizwa tena atakataa, hivyo tusimuulize tena. Mlete Jumapili asubuhi, na vitu vyake. Vitakaguliwa. Wewe utaishia kwenye mstari. Akishaingia hatatoka mpaka siku ya mwisho, hata akilia.

Naomba radhi.

Msimamizi wa Usalama


Jumapili, 23 Agosti, langoni

Wifi,

Naandikia hapa kwenye meza ya kibanda, Bwana wako amenipa kalamu yake. Anakagua nepi. Anaigeuza nje ndani kwa uso uleule uliouelezea, na Bonge anamcheka.

Nimempa nguo zote, chupa, kopo la maziwa, na kile kijiko anachokitema. Nimempa na sweta. Najua unalichukia. Limeshonwa upya kwapani, lakini kifungo nimekiacha kimelegea kama kilivyo, usikikaze. Sijalifua.

Usiku wa jana sikulala, nilikuwa namtazama. Nilitaka leo mvua inyeshe, gari liharibike, chochote. Sasa unajua, nimekuambia yote. Kulea si kazi ndogo, lakini kuacha ndiyo kazi yenyewe.

Bwana anasema muda umekwisha. Namvusha mstari sasa.

Shangazi yake


Jumatatu, 24 Agosti

Wifi yangu,

Nilisimama upande wa pili wa mstari nikakuona ukigeuka.

Hakunitambua. Nitakwambia yote kama nilivyokudai wewe uniambie yote. Nilimchukua mikononi mwa Bwana Kanuni, mwepesi, shingo imekuwa nyembamba, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Nikamfungulia titi hapo hapo stoo, maziwa yakaanza kutoka yenyewe kabla hajagusa. Akageuza uso. Nikampa la pili, akalia. Alilia akitazama mlango, wifi, na mashine zikawa zinapiga, na mimi nimelowa mpaka kiunoni, maziwa yote yale niliyoyapigania yanatiririka chini kwenye karatasi za serikali, na mwenye nayo hayataki. Mpishi alikuja, akambembeleza, wapi. Mchapaji alizima mashine. Bwana Kanuni alisimama nje ya mlango, namsikia anahema, hana kanuni ya kutusaidia.

Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, kwa sababu nilijua analilia nani.

Jua lilipozama akawa hana sauti tena, anakwikwika tu. Ndipo nikalitoa sweta lako kwenye mfuko. Nikalivaa. Mikono inanipita vidole, linachoma shingo, na linanuka mafuta ya kufuli, jasho lako, na maziwa yaliyochacha ambayo nadhani ni yangu. Nikamwingiza ndani, kichwa kifuani, kama ulivyoandika ile barua ya kwanza. Akanyamaza. Akanusa. Mkono wake ukatembea mpaka ukakipata kifungo.

Na akanyonya. Kwanza kidogo, akaacha, akaniangalia juu, akarudi. Alinyonya titi bahili, akalimaliza, akahamia la pili. Nilimsikia akimeza. Mchapaji akaniuliza kupitia mlangoni kama awashe mashine, nikamwambia subiri, naye akasubiri, na watu wote wa zamu wakasubiri.

Neno nililokuandikia kuhusu uchungu wa mwana, nalifuta. Nimekaa hapa nasahihisha makosa ya watu wengine na lile langu likapita. Uchungu unaujua. Umeuvusha mstari kwa mikono yako mwenyewe jana asubuhi, na mimi nilikuona.

Siku ya mwisho njoo langoni mapema, uwe wa kwanza kumpokea. Nimeshamwambia Bwana Kanuni kwamba mtoto atatokea mikononi mwako. Na nesi akikuita mama, endelea kuitika. Najua asubuhi kuna baridi na una sweta hilo moja tu. Vaa hata blanketi, azima la kaka yako, na usije bila kula.

Lakini sweta silirudishi. Kilichoingia hakitoki.

Wifi yako

IMEKAGULIWA